Mahitaji ya chini ya gemu za simulesheni ni uongo mtupu, na tumechoka kuliwa hela

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Leo naandika nikiwa na hasira, na sitaki mtu aje hapa na lile jibu la "nunua mashine mpya". Kama ndilo ulilonalo, pita tu, uzi huu haukuhusu.

Naongelea gemu za simulesheni: kujenga miji, kuendesha malori na mabasi, kurusha ndege, kulima. Wengi wetu tunazichezea kwenye kompyuta za mezani za mtumba, zile zilizotolewa maofisini huko Ulaya zikaletwa huku: prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 8, boksi jembamba unaliweka chini ya meza. Ni mashine nzuri. Zinapiga kazi kutwa nzima bila kusumbua. Ubovu wa mashine siulalamikii. Ninachokilalamikia ni kwamba kampuni za gemu zinaandika "mahitaji ya chini", yaani kompyuta dhaifu kuliko zote inayoweza kuiendesha gemu, kwa namna ambayo haimwambii mnunuzi kitu chochote cha maana, na hela ikishatoka unabaki na lako.

Yaliyonikuta ni haya. Nilinunua gemu ya kujenga mji, jina nitaliacha. Kabla ya kulipa nilisoma mahitaji ya chini mstari kwa mstari: prosesa ipo, RAM ipo, kadi ya grafiki ipo, Windows ni ile ile wanayoitaka. Nikalipa. Mwanzoni ilienda safi kabisa. Barabara chache, maji, umeme, watu wanahamia, roho imetulia. Mji ulipoanza kukua ndipo balaa lilipoanza. Nikisogeza kamera, picha zinakuja kwa kukatika. Nikibonyeza kasi ya mara tatu, saa ya ndani ya gemu inatembea vile vile kama niko kwenye kasi ya kawaida. Basi linafika kwenye makutano, linaganda, halafu linajitokeza ng'ambo ya pili bila kuonekana likivuka. Foleni inajengeka, na huwezi kujua kama foleni imeletwa na barabara uliyoichora vibaya au na kompyuta iliyoelemewa. Sasa hapo unacheza nini?

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu likaja: sasisha draiva (programu inayoiendesha kadi ya grafiki), punguza ubora wa picha. Draiva nimesasisha. Ubora nimeushusha mpaka vivuli vimetoweka na maji ya mto hayana hata wimbi. Hakuna kilichobadilika, na kisingeweza kubadilika, kwa sababu kilichoelemewa ni prosesa, inayopiga hesabu za mji, wakati wao wananishauri habari za kadi ya grafiki, inayochora picha. Mtu anayejibu maswali ya wateja wa gemu ya kujenga mji anatakiwa ajue tofauti hiyo kabla hajaajiriwa.

Naomba hapa tuelewane vizuri, maana ndipo hasira yangu ilipo. Gemu ya kupigana risasi uzito wake unaujua ndani ya dakika kumi za kwanza. Ikienda, imeenda. Simulesheni haiko hivyo. Kadiri unavyoicheza vizuri ndivyo inavyozidi kuwa nzito. Kila mkazi ana nyumba, ana kazi, ana njia ya kwenda na kurudi, na njia hiyo inatafutwa na prosesa. Wakazi wakiongezeka, hesabu zinaongezeka. Cities: Skylines ya kwanza, ile ya 2015, ilikuwa na ukomo: watu wanaoonekana mitaani kwa wakati mmoja hawavuki 65,536, na magari hayavuki 16,384. Wachezaji wengi waliuchukia ukomo ule, lakini kwa mwenye mashine ya zamani ulikuwa msaada, kwa sababu mzigo ulikuwa na mahali unapoishia. Gemu mpya zinajitangaza kwamba zimeondoa ukomo. Sawa, hongereni. Basi niambieni prosesa mliyoiandika kwenye mahitaji ya chini itabeba wakazi wangapi kabla mambo hayajaanza kuganda. Elfu ishirini? Elfu themanini? Laki mbili? Hiyo ndiyo namba mnunuzi wa gemu ya mji anayoihitaji kuliko zote, na ndiyo hawaiandiki. Hawaandiki kioo cha ukubwa gani, hawaandiki fremu (picha) ngapi kwa sekunde, hawaandiki mji wa ukubwa gani. Wanaandika jina la prosesa na jina la kadi, basi.

Tukija kwenye kurudishiwa hela, ndiyo kabisa. Steam, duka la gemu la mtandaoni, wanarudisha ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, na uwe hujacheza zaidi ya saa 2. Kwa gemu nyingi utaratibu huo ni wa haki. Kwa simulesheni, saa 2 bado unachora mitaa ya kwanza na kila kitu kinateleza. Ugonjwa wenyewe unajitokeza baadaye, mlango ukishafungwa. Ukiwa na diski ya kizamani isiyo SSD (zile diski mpya za kasi), muda wa kusubiri gemu ifunguke nao unahesabiwa kuwa umecheza. Na zile siku 14 zinaanza kuhesabiwa siku uliyolipa. Wewe unayeshusha gemu ya makumi ya GB kwa bando la usiku, kipande leo kipande kesho, unaweza kuzimaliza siku zote kabla hujaona hata menyu. Aliyepanga saa hizo alimfikiria mtu mwenye faiba nyumbani.

Na msije mkaniambia ni sisi wenye mashine za zamani tu tunaolia. Cities: Skylines II ilitoka tarehe 24 Oktoba 2023. Kabla haijatoka, watengenezaji wake, Colossal Order, wenyewe walitangaza kwamba hawajafikia kiwango cha utendaji walichokusudia. Wakaitoa hivyo hivyo. Mahitaji ya chini yalitaja kadi ya GTX 970 na RAM GB 8, ya kupendekezwa yakataja kadi ya RTX 3080 na RAM GB 16, na bado wenye hizo 3080 walilalamika. Watu wakachungulia ndani ya gemu na kukuta wakazi wamechorwa mpaka meno, na hakuna toleo jepesi la miili yao la kutumika kamera ikiwa mbali. Yaani mtu anayeonekana kidogo kuliko punje ya mchele kwenye kioo, kompyuta inamchora na undani wake wote, na kuna maelfu ya watu kama yeye. Watengenezaji walikiri kwamba hayo matoleo mepesi hayakuwepo. Meno, jamani! Halafu wewe wa i5 ya mtumba unaambiwa tatizo ni lako.

Hata hiyo GTX 970, tuiangalie kwa karibu. Mtu anakuambia "si uongeze tu kadi". Kadi hiyo inakula wati 145 na inataka nyaya za umeme zake za pembeni. Fungua hilo boksi jembamba la ofisini: pawa saplai yake haifiki hata wati 300, nyaya hizo hazipo, na nafasi yenyewe ni ya kadi fupi tu. Kinachoingia humo ni kitu kama GTX 1050 Ti ya umbo dogo, inayochukua wati 75 moja kwa moja kutoka kwenye ubao. Kwa gemu za malori ni kadi nzuri sana, nawashauri mnaotafuta muitafute hiyo. Lakini haipo kwenye orodha ya mahitaji, kwa hiyo hakuna kampuni itakayokusikiliza ukilalamika.

Mnaotegemea grafiki ya ndani ya prosesa, zile Intel HD 4600, jueni na hili kabla hamjalipa. Intel walizima DirectX 12 (sehemu ya Windows ambayo gemu huitumia kuchora picha) kwenye chipu za kizazi cha nne kwa sababu ya tundu la usalama, kuanzia draiva toleo 15.40.44.5107. Kwa hiyo unaambiwa "sasisha draiva", unasasisha, na gemu inayotaka DirectX 12 ndiyo haifunguki kabisa. Ushauri wa huduma kwa wateja unakurudisha nyuma, na wao hawajui.

Windows nayo inabana. Tangu tarehe 1 Januari 2024 Steam waliacha kuihudumia Windows 7 na 8. Windows 10 imefikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na kizazi cha nne hakimo kwenye orodha ya Windows 11. Kila upande unasukumwa.

Halafu kuna hili la masasisho. Gemu uliyoinunua ikiwa inaenda vizuri, siku moja inajisasisha, inakuwa nzito, na huna njia ya kurudi ulikotoka. Hilo naliita kuchukua kitu cha mtu. Na msiniambie haiwezekani kitaalamu, kwa sababu SCS Software, wale wa Prague waliotoa Euro Truck Simulator 2 mwaka 2012, wanafanya. Nenda kwenye sifa za gemu ndani ya Steam, fungua sehemu ya beta, utakuta matoleo ya nyuma yamepangwa, unachagua unalotaka. Mashine yako inaendana na toleo la zamani? Baki nalo. Una modi (nyongeza iliyotengenezwa na wachezaji) ya basi la mkoani ambayo aliyeitengeneza hajaisasisha? Baki na toleo lake. Ndiyo maana gemu ile mpaka leo inachezwa kwenye mashine za kila aina, na vijana wetu wanaendelea kuyapaka mabasi rangi za huku kwetu. Kama studio moja inaweza kutunza matoleo yake ya zamani, na wengine waeleze kinachowashinda.

Ninachotaka si kikubwa. Waandike mji wa wakazi wangapi, kwa fremu ngapi, kwenye kioo kipi. Watoe jaribio la bure lenye mji uliokwisha kua, nipakie dakika tano, nione mwenyewe mashine yangu inavyohema, ndipo nitoe hela. Waache toleo la zamani lipatikane. Na muda wa kurudishiwa hela kwa gemu za aina hii uongezwe.

Mpaka watakapofanya hivyo, tusaidiane wenyewe. Kila mwenye simulesheni kwenye mashine ya zamani aweke hapa chini: prosesa, RAM, kadi, diski ni SSD au la, jina la gemu na toleo lake, na mji au shamba lako lilifika wapi kabla halijaanza kuganda. Usiandike "kwangu inapiga fresh" ukaishia hapo. Weka namba. Mimi naanza: i5-4590, RAM GB 8, GTX 1050 Ti, SSD. Cities: Skylines ya 2015 bila modi, kioo cha 1080, vivuli nimezima: mpaka wakazi elfu arobaini hivi inachezeka, kuanzia hapo kasi ya mara tatu usiitegemee. Anayefuata.