Usukani unatetemeka nikishika breki: Corolla ya 2003, diski zimeshakerezwa

Mwenye Corolla, Iringa

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kabla sijatumia fedha nyingine. Ninaendesha Toyota Corolla NZE121 ya mwaka 2003, yenye breki za diski mbele na za ngoma nyuma, na karibu kila mwezi huenda nayo Dar es Salaam na kurudi. Nikiwa katika mwendo wa 100 na kushika breki taratibu ili nifikie 50 kabla ya kuingia kijijini, usukani hutetemeka kwa nguvu, hasa kati ya 90 na 70, kisha hutulia. Nisiposhika breki, gari hutembea bila mtetemo wowote. Miezi kadhaa iliyopita nilibadilisha padi za mbele, na diski zikapelekwa kukerezwa, yaani kusawazishwa uso kwa mashine. Gari lilikuwa laini kabisa kwa kilomita kama 4,000, kisha tatizo likarudi vilevile. Fundi wangu anasema diski zimepinda kwa joto la mteremko wa Kitonga, na anataka ninunue mpya. Je, nikinunua mpya nitakuwa nimemaliza?

Fundi wa breki, Mbagala

Mkuu, hizo kilomita 4,000 ulizozitaja zimenieleza mengi kuliko mtetemo wenyewe. Diski iliyopinda kweli ingekusumbua tangu siku ya kwanza. Ya kwako ilianza vizuri ikaharibika polepole, na kwa kawaida hali hiyo huanzia pale diski inapokaa juu ya habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake.

Kati ya habu na diski hujengeka kutu. Diski ikikaa juu ya punje ndogo tu ya kutu, uso wake huyumba kila gurudumu linapozunguka, hata kama diski yenyewe imenyooka. Wakati hujakanyaga breki, padi huwa karibu sana na diski, kwa hiyo sehemu ile inayoyumba huigusa padi mara moja kila mzunguko, barabara nzima, na kuliwa kidogo kidogo. Baada ya maelfu ya kilomita unakuwa na diski nyembamba upande mmoja na nene upande mwingine. Tofauti ya 0.02 mm inatosha kuhisiwa mikononi. Ukishika breki, sehemu nene ikipita katikati ya padi husukuma pistoni ya kalipa (kifaa kinachobana padi kwenye diski), na msukumo huo ndio unaoufikia usukani. Ukinunua diski mpya na kuifunga juu ya kutu ileile, baada ya miezi michache utarudi hapa na swali lilelile.

Fanya hivi. Vua diski, ikiwa imeng'ang'ania, usiipige nyundo, kwa kuwa ina matundu mawili yenye nyuzi yanayopokea bolti za M8, na ukizikaza kwa zamu itajisukuma yenyewe. Safisha uso wa habu kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kionekane, hasa kuzunguka mizizi ya bolti za gurudumu, mahali ambapo wengi hawafiki. Rudisha diski, ikaze kwa nati zote nne ukiwa umeweka washa (pete za chuma) chini yake, kisha weka geji yenye uso wa saa, inayopima myumbo, milimita 10 kutoka ukingoni, na uzungushe kwa mkono. Myumbo usizidi 0.05 mm. Ukizidi, sogeza diski tundu moja na upime tena. Mara nyingi utapata mkao mmoja ulio bora kuliko mingine. Ukijaribu mikao yote bila mafanikio, chunguza beringi na habu yenyewe.

Usisahau pini za kalipa. Ikiwa padi ya ndani imeliwa zaidi ya ile ya nje, pini zimekwama. Zisafishe na uzipake grisi maalumu ya breki, kwa sababu grisi ya kawaida huvimbisha mipira.

Dereva wa masafa, Morogoro

Naongeza jambo moja ambalo wengi hulidharau. Ukiziba pancha njiani, vijana hufunga nati kwa mashine ya upepo, moja imekazwa kupita kiasi na nyingine nusu, na diski huvutwa upande. Nati za Corolla hiyo hukazwa kwa Nm 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa mpangilio wa msalaba. Usipokuwa na spana ya kipimo, tumia spana yenye mkono wa sentimita 40 na uzito wa kama kilo 26 mwishoni mwake.

Halafu, kwa nini msiangalie bushi za mikono ya chini, yaani raba za vyuma vinavyoshikilia gurudumu kwa chini? Gari langu lilipona nilipozibadilisha.

Fundi wa breki, Mbagala

Bushi zilizolegea hukuza mtetemo, ila haziuanzishi. Ulipoweka mpya ulinyamazisha sauti, na diski yenye kasoro ikabaki palepale. Zikaguliwe, lakini baada ya diski.

Kuhusu Kitonga, joto lina sehemu yake. Ukishuka kwa kutegemea breki tupu kisha ukasimama chini huku umekanyaga, padi yenye moto huacha alama ya utando wake kwenye diski mahali ilipobana. Shuka kwa gia ndogo.

Mwenye Corolla, Iringa

Narudi na majibu. Diski ya kulia ilisoma 0.04 mm. Ya kushoto ilisoma 0.12 mm kabla ya kusafisha habu, 0.07 mm baada ya kusafisha, na 0.03 mm nilipoisogeza matundu mawili. Pini ya chini ya kalipa hiyohiyo ilikuwa imekauka kabisa. Kwa kuwa unene ulikuwa bado juu ya kiwango cha chini kilichopigwa muhuri kwenye diski, tulizikereza zote mbili zikiwa zimefungwa kwenye gari, kwa mashine ya kukodi.

Usukani sasa umetulia. Umebaki mtetemo mdogo kitini nikikaribia kusimama. Nilipovuta breki ya mkono taratibu katika uwanja mtupu, kitufe kikiwa kimebonyezwa, ulijitokeza vilevile, kwa hiyo ngoma za nyuma ndizo zinazofuata mshahara ukitoka.