Bachela alipe LUKU sawa na familia ya watu watano? Tujadili

Wakuu habari za mihangaiko. Kuna jambo kwenye hizi nyumba zetu za kupanga hapa Dar watu wanalimeza tu kwa kuogopa kuitwa wana gubu. Nyumba ina vyumba sita, mita ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) moja, mwisho wa mwezi anapita dada mmoja na kidaftari, elfu kumi na tano kila mlango. Nasema kila mlango, iwe ndani mna mtu mmoja anayetoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi mwendokasi na kurudi saa tatu usiku, iwe mna baba, mama, watoto watatu, friji, tivii inayowaka kuanzia katuni za asubuhi mpaka taarifa ya habari, na pasi ya sare za shule kila jioni. Wote elfu kumi na tano.

Sasa tupige hesabu. Mimi ndani nina taa ya wati 9, feni ya wati 60 na chaji ya simu, basi. Uniti moja ni wati 1,000 zikiwaka saa zima, kwahiyo feni nikiiwasha masaa kumi usiku (na joto la Dar la mwezi wa pili mnalijua, huizimi) inakula 0.6, mwezi mzima uniti 18. Taa haifiki hata mbili. Tuseme zote 20. Bei ya kawaida ya majumbani ukijumlisha na makato ni kama sh 356 kwa uniti, umeme wangu ni 7,120. Hiyo elfu saba na ushee inayobaki namgandishia jirani barafu za kuuza.

Na kuna kitu wengi hawakijui. TANESCO wana kundi la D1, la wateja wadogo wasiovuka uniti 75 kwa mwezi, hao wanalipa sh 100 kwa uniti, ukiweka na makato inafika kama 122. Mtu anayeishi mwenyewe ndo hasa mtu wa D1. Ila akikaa kwenye mita ya milango sita, zile 75 zinaisha mwezi haujafika hata nusu, mita iko T1, kundi la bei ya kawaida, na yeye anabebwa humohumo kwenye 356. Uniti 20 kwa D1 ni 2,440 tu jamani. Juu ya hapo kuna kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021, sasa hivi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Nyumba ya mwenye nyumba, anayekatwa ni mpangaji aliyetumwa kununua umeme.

Mimi nasema umeme ugawanywe kwa vifaa au kwa sabumita, yaani mita ndogo ya ndani ya kila chumba. Maji na hela ya taka gaweni kwa vichwa, hapo ubishi sina. Ila mlango hauna swichi, kwanini uhesabiwe mlango?

Mdau wa Mbagala
Kaka wewe unaongelea feni, mabachela wa huku kwetu ni habari nyingine. Hana gesi hana mkaa, ndani kuna jiko la koili, hita ya kuchovya kwenye ndoo ya maji ya kuoga, sabufa la kutikisa mabati, na Jumamosi wageni sita. Sisi wenye watoto tunapikia mtungi wa kilo 6, maharage tunachemsha kwa mkaa, umeme tunauogopa. Koili ya wati 1,500 ikiwaka saa moja imekula uniti moja na nusu, feni yako hapo inazunguka zaidi ya siku nzima. Ukisema vifaa nakuunga mkono, ukisema bachela nakataa.

Mama mwenye nyumba, Kimara
Nawasoma tu wanangu. Mnaongea kama mita zinaota kama mchicha. Kuunganishiwa umeme mjini ni 320,960 na hapo uwe karibu na nguzo, zidisha vyumba sita halafu mje mlalamike kodi imepanda. Hiyo ya vifaa nishaijaribu, kila mtu pasi yake ni ya kuazima, friji limefunikwa kitambaa, "hilo bovu mama". Nani ataingia vyumbani mwa watu kukagua? Hela ya mlango haina haki sana lakini haina kelele. Na hao mabachela zamu ya kuosha choo na kufagia uwanja ikifika utasikia niko zamu kazini, anafagia nani? Hao hao wenye familia. Hiyo mbona hamuiletei mjadala?

Mleta mada
Shikamoo mama. Kwenye usafi umetupata, wengi wetu tunakwepa. Mimi zamu yangu ikifika sipo namlipa kijana elfu mbili anaosha choo na uwanja anafagia, anayeishi peke yake hana namna nyingine, muda huna toa hela. Sasa mimi nikikosa zamu natoa hela, mwenye friji akizidisha uniti anatoa nini? Na sijasema mita sita za TANESCO, sabumita za ndani anafunga fundi umeme, kila mtu anasoma yake. D1 tutaikosa kwasababu mita kubwa bado ni moja, sawa, angalau hiyo 356 yangu iwe ya feni yangu.

Mdau wa Manzese
Sabumita mnaisifia hamjakaa nayo. Nilipopanga zamani mwenye nyumba alikuwa anatuuzia uniti sh 500, ukiuliza anakwambia ya matengenezo, matengenezo yenyewe hatujawahi kuyaona. Bila ile meseji ya tokeni kurushwa kwenye grupu la WhatsApp la nyumba, watu waone hela ngapi imeingia na uniti ngapi zimetoka, mtakuwa mmehamisha wizi tu kutoka kwa jirani kwenda kwa baba mwenye nyumba.

Mdau wa Mbagala
Na taa za nje na pampu ya kupandisha maji kwenye simtanki zinaenda kwa sabumita ya nani?

Mleta mada
Hizo ndo za mlango, kila mtu sawa, hata mimi natoa. Ila naona wenye nyumba la kodi ya jengo wamelipita mbali kabisa.

Mama mwenye nyumba, Kimara
Sijalipita. Kwangu aliyenunua umeme akakatwa ananionyesha meseji, namtolea 1,500 yake kwenye kodi ya chumba, yameisha. Ninachokataa ni milango sita kuniletea meseji ile ile moja.