Poinsetia yangu inapukutisha majani

Swali: Ndugu zangu, ninaishi Minneapolis, Marekani, na poinsetia (ule mmea wa Krismasi wenye wekundu juu) niliyonunua mwanzoni mwa Desemba imeanza kupukutisha majani ya chini, yakiwa ya manjano na laini, ingawa ninaimwagilia kila asubuhi. Nimekosea wapi?

Jibu la kwanza: Pole sana, dada. Nadhani maji yamezidi. Ivue ile karatasi inayong'aa iliyofungwa kwenye chungu, kwa sababu maji hutuama humo na mizizi huoza. Kisha mwagilia pale tu udongo wa juu unapokuwa mkavu ukiugusa kwa kidole. Iweke penye mwanga, mbali na mlango unaoingiza baridi, maana asili yake ni Meksiko.

Jibu la pili: Naongeza jambo moja. Ule wekundu ni majani; maua yenyewe ni vile vitone vya manjano vya katikati. Ukiutaka tena mwakani, kuanzia Oktoba ifunike kwa boksi saa 14 kila usiku, kwa wiki 8 hadi 10, na mchana uirudishe dirishani.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Nimeivua karatasi sasa hivi, nami nimekuta maji ya kina cha vidole viwili, tena yananuka.