Kuokota vitu jaani, nyie mnaonaje?

mpangaji_kikwajuni: Asalaam aleikum jamani. Nimehamia Kikwajuni hapa mjini Zanzibar mwezi huu chumba hakina hata stuli. Jana usiku natoka Darajani nikaona jaani karibu na majumba ya Michenzani kuna feni ya kusimama, meza ndogo mguu umelegea, na godoro limekunjwa, nikachungulia nikaona haya nikapita lakini hadi sasa navifikiria. Kuna wanaookota humu? Si haramu lakini?

bi_achari: Waaleikum salaam mwanangu. Aibu kuiba. Miye chupa za jemu naziokota, nazichemsha natia achari ya mbilimbi, na wanaonicheka ndo hao hao mchana wanapiga hodi kuomba kijiko. Kilichotupwa mwenyewe keshakiacha, ila kilichoegemezwa barazani kwa mtu uliza kwanza, mi nishabeba ndoo kumbe imeanikwa 😂 kuirudisha haya tupu.

fundi_feni: Hiyo feni kaichukue sasa hivi!! Nyingi zinazotupwa mota nzima, kapasita, kile kidude kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, ndo imechoka. Dalili yake ukiwasha inanguruma tu haizunguki, au inazunguka kivivu. Ichomoe kwanza kwenye umeme, zungusha panga kwa mkono, likiwa zito mafuta yamekauka kule nyuma, safisha utie tone la mafuta ya cherehani. Likiwa jepesi basi badili kapasita. Maikrowevu ya jaani usifungue kabisa, ile inabaki na umeme ndani hata ukiichomoa, itakuua.

kijana_paje: Godoro USILIGUSE. Mi niliokota moja zuri, kwenye mishono ya pembeni lina vitone vyeusi kama pilipili manga nikasema uchafu tu huu, siku ya tatu mgongo mzima umevimba, kunguni mpaka kwenye fremu ya mlango. Ukitaka vitu vya maana subiri mwezi wa nne na wa tano masika, hoteli nyingi za huku Paje zinafunga zinafanya ukarabati, mapazia viti vyote vinatolewa nje, ongea na mlinzi tu.

mpangaji_kikwajuni: Nimerudi asubuhi hii feni haipo, watu wa skrepa wameshapita na toroli 😭 Meza nimeibeba kichwani, njiani nimekutana na mama mwenye nyumba kaniuliza nimenunua wapi na yeye anaitaka kama hiyo.

bi_achari: Ukamjibu nini?

mpangaji_kikwajuni: Nimemwambia zimekwisha.