Naandika riwaya ya mwimbaji towashi, Napoli ya miaka ya 1730: wapi panavuja?

Kalamu_Butu:
Wakuu, salaam. Nina muswada wa riwaya ya kihistoria. Mhusika mkuu ni mtoto wa maskini kutoka Puglia, kusini mwa Italia, anayehasiwa ili aje kuimba opera. Mtiririko uko hivi: anahasiwa akiwa na miaka 14, na baba yake anamweleza paroko waziwazi. Anasomea uimbaji Napoli miaka miwili. Kanivali ya 1735, yaani msimu wa opera, anapanda jukwaa la San Carlo, ukumbi wa opera wa Napoli, taa zinazimwa, ukumbi kimya. Kisha anakwenda Roma kuimba na mpenzi wake, naye mwimbaji wa kike. Wapi panavuja? Nawasilisha.

Sauti_ya_Kwanza:
Mkuu, anza na umri. Miaka 14 ni kamari: sauti inaweza kuwa imeshaanza kupasuka, na ikishapasuka hairudi. Wengi walifanyiwa kati ya miaka 8 na 12. Bila homoni za kiume kikoromeo hakitanuki na nyuzi za sauti zinabaki fupi, lakini kifua na mapafu vinakua vya mtu mzima. Kwa hiyo usiandike "sauti ya kitoto" hata mara moja. Ncha za mifupa nazo huchelewa kufunga, hivyo mpe mikono na miguu mirefu, kidevu kisicho na ndevu, na uzeeni mifupa dhaifu. Mabaki ya Farinelli, mwimbaji towashi maarufu, yalipofukuliwa Bologna mwaka 2006, mfupa wa paji la uso ulikutwa umenenepa kwa ndani.

Baba kumweleza paroko, futa kabisa. Kuhasi mtoto kulimfanya mtu atengwe na Kanisa, huku kwaya za Kanisa hilohilo, ya Sistina, kanisa dogo la Papa, ikiwamo, zikizitumia sauti hizo. Familia zilisingizia ajali: kaanguka kutoka kwenye farasi, kaumwa na nguruwe mwitu. Mwingereza Charles Burney alizunguka Italia mwaka 1770 akiulizia kazi hiyo inafanyika wapi. Milano wakamwambia Venezia, Venezia wakasema Bologna, Bologna wakakana na kumwelekeza Firenze, Firenze wakamtupia Roma, na Roma wakamtuma Napoli. Hapo una sura nzima: kijiji chote kinamjua huyo nguruwe, na hakuna aliyemwona.

Mwalimu_wa_Kwaya:
Miaka miwili haitoshi. Napoli ilikuwa na konsevatorio (shule za muziki) nne: Santa Maria di Loreto, Pietà dei Turchini, Sant'Onofrio na Poveri di Gesù Cristo. Mtoto alifungwa kwa mkataba wa miaka mingi, hata 10. Ukitaka apande jukwaani mapema, mpe mwalimu binafsi. Farinelli, aliyezaliwa 1705, alinolewa na Porpora na akaimba hadharani 1720.

Kwa mazingira, tumia aliyoyaona Burney Sant'Onofrio. Chumba kimoja kina hapsikodi (vinanda vya zamani) saba au nane, fidla na waimbaji, kila mmoja na wimbo wake kwa wakati mmoja, na vitanda ndivyo viti. Matowashi 16 walilala ghorofani peke yao, vyumba vyenye joto zaidi, wasije wakapata mafua. Majira ya baridi waliamka muda wa saa mbili kabla ya kupambazuka.

Zoezi la kumwonyesha akilifanya ni *messa di voce*. Anashika noti moja kwa sauti ndogo kabisa, anaikuza taratibu hadi ujazo wote, kisha anairudisha mpaka ipotee, yote kwa pumzi moja. Mwanafunzi huharibu katikati: akiongeza msukumo wa hewa bila kulegeza nyuzi, noti inapanda, akipunguza hewa ghafla, inashuka au inatetemeka. Mwalimu anayejua kazi atamsimamisha papo hapo. Jukwaani, kumbuka aria (wimbo wa mwimbaji mmoja ndani ya opera) ya *da capo*: sehemu ya kwanza, ya pili, kisha kurudia ya kwanza. Mapambo makubwa yaweke kwenye marudio. Ukimfanya apambe kila kitu tangu mwanzo, atakosa pa kupandia.

Pazia_Jekundu:
San Carlo ilifunguliwa 4 Novemba 1737, siku ya mtakatifu somo wa Mfalme Carlo. Mwaka 1735 mpeleke ukumbi wa San Bartolomeo, au sogeza hadithi. Binafsi ningesogeza: usiku ule wa ufunguzi Achille, shujaa wa opera yenyewe, aliimbwa na mwanamke, Vittoria Tesi, yaani mwanamke anaigiza shujaa wa kiume aliyejificha kwa nguo za kike. Huwezi kubuni kitu bora kuliko hicho.

Taa hazizimwi. Mishumaa inawaka ukumbini muda wote, watu wanakula na kucheza karata kwenye vyumba vyao vya pembeni, na ananyamaziwa tu yule mwimbaji waliyemfuata. Hiyo kimya lazima mhusika wako aitolee jasho, isiwepo pazia likifunguliwa. Kanivali ya ukumbini huanza 26 Desemba.

Roma mpenzi wa mhusika wako hapandi jukwaani, kwa sababu wanawake walikatazwa. Nafasi zao ziliimbwa na matowashi waliovaa magauni. Wapeleke Venezia.

Kalamu_Butu:
Asanteni wakuu. Wakiwa Venezia, wanaweza kufunga ndoa?

Sauti_ya_Kwanza:
Kikatoliki, hapana. Papa Sixtus V alishawafungia matowashi mlango huo mwaka 1587. Kutoroka kunawezekana: mwimbaji towashi Tenducci alimtorosha Dorothea Maunsell huko Ireland mwaka 1766, baba wa msichana akawaka, Tenducci akatupwa jela, na baadaye ndoa ikabatilishwa. Huo ni mfano mzuri wa gharama, ila ni miaka 30 baada ya hadithi yako, usiutaje ndani.

Pazia_Jekundu:
Nyongeza kuhusu saa. Waitalia wa wakati ule walihesabu kuanzia jua linapotua, kwa hiyo "saa mbili usiku" yao iko karibu sana na yetu. Iandike hivyo hivyo. Mtego uko mchana. Walihesabu mfululizo hadi 24, na jua likiwa utosini ni kama saa 19 mwezi Desemba na saa 16 mwezi Juni. Ukiandika "saa sita mchana" kinywani mwa Mnapoli, umeharibu.