Naomba ushauri: Kambi ya Edale na mama mwenye magoti mabovu

Wakuu habari zenu. Mwezi wa nane tunaenda kulala hemani siku nne kijijini Edale, kwenye milima ya Peak District, Uingereza: mimi, mke wangu, watoto wawili na mama aliyekuja kutoka Tanga. Gari hatuna, tutashuka na treni ya Sheffield.

Mtoto mkubwa kang'ang'ania kupanda mlima Kinder Scout, mita 636, maana kasoma habari za wale waliopanda kwa makusudi bila ruhusa mwaka 1932 kudai haki ya kutembea. Huyo nitapanda naye, hana shida.

Shida ni mama. Mwaka juzi alipokuja tulipiga kambi kwingine, mvua ikanyesha usiku kucha. Alfajiri nikamkuta kwenye kiti cha kukunja, kajifunika khanga mbili na koti langu juu, ananiangalia tu. "Mwanangu, nyumba si unayo?" Sikuwa na jibu.

Safari hii nataka afurahi. Mapango ya Castleton nimeyafikiria. La Speedwell unazungushwa kwa mashua, ila ngazi za kushukia zinapita mia. Kuna lingine lenye nafuu? Monsal Trail, ile njia ya reli ya zamani, ni tambarare na angetembea taratibu, lakini kutoka Edale bila gari mnafikaje? Soko la Bakewell Jumatatu nadhani atalipenda, kupatana bei hakumshindi.

Waliowahi kwenda na wazee, mlifanyaje? Na mvua ikianza saa nane mchana, mnawapeleka wapi?