Mliosoma nje ya mpaka, tupeane uzoefu wa matokeo na mitaala

Wakuu, mimi nilimaliza form four Arusha nikapata division one ya point 9, mzee akachinja mbuzi. Nikaenda Nairobi kwa shangazi, namwambia binamu nina point 9, akanyamaza weee halafu ananiambia kwa upole "pole, si unaweza kurudia?" Kumbe kwao A ni 12, masomo saba ukipiga A zote una 84, sasa mwenye 9 huyo kafagia E karibu zote. Sisi A ni 1 na ukifika 7 umemaliza kila kitu. Siku mbili natembea na risalti mfukoni namwelezea kila mgeni. Nyie yaliwakuta yapi?

—
😂😂 Mimi wa Bukoba nilipelekwa boding Uganda. Kule la saba mtihani ni masomo manne tu, ukipata D1 zote (ndiyo alama ya juu kabisa kwao, inahesabika 1) una aggregate, yaani jumla, 4 na hakuna zaidi ya hapo. Nikapiga simu nyumbani "mama nina nne!" Mama alishauguzwa na division four ya kaka yangu, kesho yake kapanda basi la Mutukula, kafika shuleni kanuna, anakuta walimu wananipigia makofi.

—
Mi Mkenya nimeolewa Moshi. Kijana wangu alihamia shule ya serikali la tano, masomo kwa Kiswahili, akaulizwa usanisinuru (photosynthesis) akabaki ametoa macho, na mimi mamake nilikuwa sijui! Kila jioni tunashika kamusi kama tunaungama. Kufika form one mambo yakageuka, masomo karibu yote Kingereza, wenzake ndio wakawa wanakuja kwangu kufundishwa na yeye. Hiyo ya kubadilisha lugha katikati ya safari mimi bado sijaielewa.

—
Kilichoniuma mimi ni miaka. Binamu zangu wa Mombasa enzi za mfumo wao wa 8-4-4 wakitoka form four ni chuo, mimi nahenyeka na PCB (fizikia, kemia na baiolojia) form five na six. Ila piga hesabu, wao msingi miaka 8 sisi 7, digrii yao 4 yangu ilikuwa 3, jumla wote 16. Roho iliniuma bure tu.

—
Mleta uzi, shangazi alikuelewa mwishoni?

—
Alielewa mkuu, ila mpaka leo pale nyumbani wananiita Tisa.